Siku Mwalimu wa Uvuvi Alipoingia Baharini

Kwa miaka ishirini na miwili nimefundisha uvuvi wa baharini katika shule ya upili iliyo mlimani, karibu na Kikima, ambako maji mengi zaidi tunayoyajua ni ya silanga, lile bwawa la udongo wanakokunywa ng'ombe. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Uvuvi ni mada ndogo tu ya wiki mbili, lakini nimeipenda kuliko zote, na siku zote nimeifundisha kwa sauti ya mtu aliyezaliwa melini. Nachora jarife, ule wavu mkubwa wa baharini, ubaoni kwa chaki ya buluu. Naeleza mkondo wa maji ya joto na mkondo wa maji ya baridi, na kinachotokea inapokutana. Wanafunzi, wakidhani siwasikii, huniita Kapteni, na sijawahi kuwakataza.

Nilichokuwa sijawaambia ni kwamba bahari yenyewe nilikuwa nimeiona mara moja, kwenye ziara ya chuo. Nilisimama mchangani na viatu mkononi, nikalowa hadi vifundoni, nikarudi kwenye basi kwa sababu nilisikia chakula kinagawanywa.

Desemba iliyopita, siku chache baada ya shule kufungwa, simu ililia nikiwa nachambua maharagwe. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekulia kwenye bonde lililo chini ya shule yetu. Sasa ni mwanamume wa zaidi ya miaka thelathini, mwenye mke na watoto, na kazi yake ni nahodha wa boti la kuvulia samaki wakubwa huko Watamu. Boti lenyewe hukodishwa na wageni wanaokwenda kuvua kwa kujifurahisha, jambo ambalo nyumbani kwetu bado linahitaji kuelezwa mara mbili.

"Madam," akasema, "tumeweka injini mpya. Kabla wageni wa Krismasi hawajafika, mwenye boti anataka tutoke siku moja tuijaribu. Kuna nafasi. Kuja uone samaki."

"Samaki gani?" nikauliza kama mtahini.

"Saa hii ni msimu. Maji imepata joto na upepo bado haijakasirika. Kuna jodari, kuna faluusi, na sulisuli wameanza kuingia. Wewe kuja tu."

Sulisuli nilimjua kutoka kitabuni: samaki mrefu kuliko mtu, mwenye mdomo kama mkuki na pezi mgongoni linalofunguka kama mwavuli. Nikamwambia nitaangalia kama nina nafasi. Kisha nikakaa dakika moja nzima nikiyatazama maharagwe, nikampigia tena nikasema ninayo.

Maandalizi niliyafanya kisomi. Nilitafuta kwenye simu hali ya bahari ya siku ile: upepo wa wastani, mawimbi ya mita moja na nusu. Nikachukua utepe wa kushonea, nikapima mita moja na nusu kwenye ukuta wa jikoni, nikaweka alama kwa mkaa. Nikasimama kando yake. Ilinifika kidevuni.

Mume wangu akaingia. Yeye ni mkulima wa maparachichi na haongei sana. "Unapima nini?"

"Bahari."

Akaitazama ile alama, akanitazama mimi, akatoka na kikombe chake cha chai.

Kusema kweli nilifarijika. Kitu kinachonifika kidevuni si cha kuniogopesha. Nina wanafunzi wengi wanaonipita urefu. Kwa hiyo Jumapili, wakati wa matangazo kanisani, nilisimama kuomba maombi ya safari, na mdomo ukaendelea peke yake. Nikasema nitarudi na samaki wa bahari kuu wa kutosha kila nyumba ya kikundi chetu cha akina mama. Sisi ni nyumba kumi na nane. Walipiga makofi. Mwenzetu mmoja aliniazima kasha lake la barafu, lile kubwa la plastiki la kubebea soda kwenye harusi, na nikalibeba kutoka Kikima hadi Watamu likiwa tupu, nikiwaambia wote walioniuliza kwamba linakwenda kujazwa.

Tulitoka Jumatano kabla jua halijachomoza vizuri. Tulikuwa watatu: mimi, nahodha wangu, na msaidizi wake, mzee wa pwani mwenye mikono migumu aliyekuwa akitayarisha chambo bila kutazama vidole vyake. Boti lilikuwa na fimbo za kuvulia zilizosimama pande zote kama antena, na nyuma kulikuwa na kiti kikubwa kilichokazwa sakafuni kwa skrubu. Nilivaa kofia pana yenye ua, jaketi la kuelea, na miwani ya jua ya binti yangu.

Ndani ya mwamba wa matumbawe unaozuia mawimbi, pale maji yalipokuwa bapa kama sahani, nilifundisha. Sioni neno lingine la kutumia. Nilimweleza yule mzee, aliyezaliwa hatua hamsini kutoka baharini, jinsi sakafu ya bahari inavyoteremka pole pole na kisha kuporomoka. Nilimweleza kwa nini samaki hupenda pale inapoporomoka. Nilitumia mkono wangu kama kielelezo. Alinisikiliza kwa adabu, akisema "Naam, mwalimu" kila niliponyamaza.

Kisha tukapita kwenye mlango wa mwamba, tukatoka nje.

Wimbi nililolipima jikoni lilikuwa limesimama. Haya yalikuwa yanatembea, tena kwa ukoo. Boti lilipanda, likasita huko juu kama linalokumbuka kitu, likaanguka. Tumbo langu lilibaki juu. Nilikuwa katikati ya sentensi kuhusu planktoni, na sentensi ile sijaimaliza hadi leo. Chai na mahamri ya asubuhi vilitoka pamoja, na kofia yenye ua, kwa vile niliinama ghafla, ikatangulia majini.

"Ni yale maji ya ndani ya sikio," nilimweleza mzee nilipopata pumzi. "Yanachanganya ubongo, kwa hiyo—" Nikarudi ukingoni.

"Naam, mwalimu," akasema mzee. Akanipa kipande cha tangawizi nitafune. "Usiyatazame haya ya karibu. Tazama kule mbali kabisa, bahari inapokutana na mbingu. Pale hapasogei."

Nikatazama pale. Nilipatazama kwa saa nzima kama mtoto aliyewekwa pembeni. Hakuna aliyenicheka, na hilo liliniumiza kuliko kama wangenicheka.

Ilipofika karibu saa tatu nahodha akapunguza mwendo, akaniita niketi karibu na usukani. "Madam, unaona ule mstari?"

Mwanzo sikuona kitu. Halafu nikauona: mstari mrefu juu ya maji, upande mmoja kijani kilichofifia, upande wa pili buluu nzito kama wino. Katikati yake palielea majani ya baharini na povu, na ndege wadogo walikuwa wakishuka na kupanda juu yake.

"Maji ya huku na maji ya kule yanakutana hapo," akasema. "Takataka zinakusanyika, dagaa wanakuja kujificha, wakubwa wanafuata dagaa. Tukikosa samaki hapo, turudi tu nyumbani."

Mistari ile nilikuwa nimeichora ubaoni labda mara arobaini, kwa mishale miwili ya chaki. Hakuna siku niliyofikiri kwamba mtu akisimama pale angeiona kwa macho.

"Nilikufundisha hii?" nikauliza.

"Ulitufundisha." Akacheka kidogo. "Nilikuuliza swali siku hiyo. Unakumbuka?"

Sikukumbuka.

"Nilikuuliza kama samaki anajua amefika kwa huo mstari. Kama anahisi. Ukaniambia hiyo haiwezi kutoka kwa mtihani, niketi."

Alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayesimulia hali ya hewa ya mwaka fulani. Mimi ndiye niliyeona aibu ikinipanda kutoka miguuni. Niliisikia sauti yangu ikisema maneno yale, kwa kuwa ndiyo sauti ninayoitumia hadi sasa. Nimewaambia wangapi waketi?

"Na anahisi?" nikamuuliza.

"Mi naona anahisi. Lakini sijui, Madam. Nimekuwa hapa miaka kumi na moja na bado naangalia."

Mara fimbo moja ikainama. Mzee akamvuta faluusi, samaki wa kijani na dhahabu anayeng'aa kama kanga mpya, kisha wa pili. Baadaye kidogo akaja jodari mnene, mzito kama mtoto wa darasa la kwanza. Wote hao niliwashangilia kutoka mbali, nikitafuna tangawizi. Nilianza kugawa nyumba kumi na nane kichwani, na hesabu ilikuwa inakaribia kukubali.

Hapo ndipo rili ya fimbo ya katikati, kile kigurudumu kinachokunja mshipi, ilipopiga mlio ambao sijapata kusikia kwenye kitu kisicho hai. Mbali nyuma yetu maji yalipasuka, na samaki akasimama. Naapa alisimama. Alisimama kwa mkia, mwili wote nje, pezi limefunguka, akitikisa ule mkuki wake kama mtu anayekataa jambo.

"Sulisuli!" mzee akapaza sauti. "Mwalimu, kitini!"

"Mimi?"

"Kitini!"

Walinikalisha, wakanifunga mkanda, wakaniwekea fimbo mapajani. Nahodha, aliyekuwa akiniita Madam kwa upole tangu alfajiri, alibadilika sauti.

"Usivute! Anakimbia, mwachie! Madam, mwachie!"

Nikavuta.

"Mwachie!"

Nikamwachia. Mshipi ulikwenda na kwenda. Samaki aliposita, nahodha akasema, "Sasa inua fimbo. Inua! Ukishusha, zungusha. Inua, shusha, zungusha."

Niliinua nilipotakiwa kushusha. Nilizungusha upande usiofaa. Nahodha akaguna, akafumba macho, akafumbua, akaanza tena kunieleza kutoka mwanzo kwa maneno yaleyale, taratibu zaidi, na nikaitambua ile sura. Ni sura yangu mwenyewe nikirudia ramani kwa mara ya tatu mbele ya mwanafunzi mzito.

Tulipambana kwa muda ambao wao walisema ni nusu saa. Mgongo ulilia. Niliomba kwa Kikamba, nikamwita Ngai, nikamwita marehemu mama yangu, kisha nikasema kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa, "Kateni huu mshipi, nimeshindwa."

"Hujashindwa," mzee akasema karibu na sikio langu. "Naye amechoka. Mnachoka pamoja."

Na kweli alikuja. Alikuja ubavuni mwa boti, mrefu kunipita, na jicho moja kubwa jeusi likanitazama. Alikuwa kahawia na kijivu, rangi ya bati la zamani. Mzee akavaa glavu, akainama, akamshika mdomo. Nahodha akachukua kijiti kirefu, akamchoma kidogo karibu na pezi, akamwachia hapo kijialama chembamba cha plastiki chenye nambari. Nikadhani ndiyo njia yao ya kuanza kuchinja.

Kisha mzee akang'oa ndoano.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Tunamwachilia, Madam. Sulisuli hatumchukui. Tunamwekea alama, anaenda, mwingine akimpata kesho tutajua alifika wapi."

"Anaenda?" Nilikuwa nimefungwa kitini, nywele zimesimama, shati lina mahamri. "Nyumba kumi na nane! Huyo ni Krismasi ya watu!"

"Madam, una jodari."

"Jodari sikumvua mimi!"

Hawakubishana nami. Boti lilikuwa linasogea polepole, na mzee alimwongoza yule samaki majini akimshika mdomo, maji yapite kwenye mashavu yake apate kupumua. Nilikuwa bado nateta. Halafu, kuanzia mgongoni, rangi ikamrudia. Ilianza zambarau, ikaja buluu, michirizi ikawaka ubavuni mmoja baada ya mwingine, kama taa za soko stima inaporudi. Mzee akafungua mkono. Samaki akabaki pale kidogo, hajaamini, kisha akapiga mkia mara moja na maji yakawa matupu.

Nikajikuta nalia, na ningependa kusema ni kwa sababu ya uzuri ule. Kwa kiasi fulani ilikuwa hivyo. Kwa kiasi kingine ilikuwa mgongo.

Nahodha alinipiga picha kwa simu iliyolowa maji. Ndani yake kuna bega langu, glavu ya mzee, na ncha ya kitu chembamba kinachotoka majini. Kila niliyemwonyesha nyumbani ameniuliza kwa nini tulikuwa tumeshika mti wa ufagio.

Kurudi nako kulikuwa na yake. Walinijazia kasha: yule jodari, faluusi wawili, na barafu. Lakini Desemba ya barabara ya Mombasa haina huruma na barafu, na kabla hatujafika Mtito Andei maji yenye harufu yalikuwa yanatambaa chini ya viti vya basi. Kondakta akasimama katikati. "Nani amebeba samaki?"

Mimi niliyetangaza samaki kanisani mbele ya watu wote nilitazama nje ya dirisha kama ninayehesabu ndovu. Mama mmoja nyuma yangu akasema mtu mwenye adabu angejitaja. Nikatikisa kichwa kukubaliana naye.

Basi liliposimama Mtito Andei, nilishuka kimyakimya nikaingia kwenye hoteli moja nikaomba waniuzie barafu. Mhudumu alisema ataileta. Akaileta kweli, hadi mlangoni mwa basi, kwenye ndoo, akiita kwa sauti iliyofika upande wa pili wa barabara, "Mama wa samaki! Mama wa samaki, barafu yako!"

Yule mama wa nyuma alinisogezea miguu yake tu, nipite na ndoo.

Nilifika Kikima Ijumaa jioni. Ukiondoa vichwa, mifupa na kile kilichoharibika, samaki watatu wakigawanywa kwa nyumba kumi na nane, kila nyumba inapata kipande cha ukubwa wa sabuni ya kufulia. Akina mama walipokea kwa shukrani kuliko nilivyostahili. Mmoja alikipika kile chake ndani ya isyo, mahindi na maharagwe, akaniambia kilipotelea humo na hawajakiona tena. Lakini walichokitaka zaidi ni habari, na habari ndiyo iliyoniangusha.

"Ulimvuta nusu saa?"

"Nusu saa."

"Mkubwa kukushinda?"

"Kunishinda."

"Sasa yuko wapi?"

"Tulimwachilia."

Nikaeleza kuhusu alama. Nikaeleza kwamba huo ndio mchezo wenyewe, na kwamba wakimalizwa hakutakuwa na wengine. Naibu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa amepita kuulizia kipande chake ingawa hayumo katika kikundi cha akina mama, alisikiliza yote mkono ukiwa kidevuni. "Yaani," akasema, "ni kama mtu aende soko la mbuzi mjini Wote, apigane na beberu mpaka amwangushe, amtoboe sikio, kisha amwambie, haya, salimia nyumbani."

"Si hivyo," nikasema. Nilifikiri kwa muda. "Ni karibu hivyo."

Mume wangu alicheka hadi akaweka kikombe chini. Katika miaka yote ya ndoa yetu nimemwona akicheka namna hiyo labda mara tatu, kwa hiyo sitasema safari ilikuwa hasara.

Jambo moja halikuisha na samaki. Bahari iliendelea kunisogeza. Jikoni sufuria ilipanda na kushuka. Nikilala, kitanda kilipita kwenye mlango wa mwamba. Nilidhani kulala mara mbili tatu kutaliondoa, lakini Jumapili nilipoingia kanisani, sakafu ya saruji ilikuwa bado inainuka na kutua taratibu chini ya viatu vyangu. Tuliposimama kuomba nilifumba macho, na hilo likawa kosa. Nikaanza kuyumba. Nilishika kiti cha mbele, kikayumba nami. Machozi yakanitoka, maana kichefuchefu kilikuwa njiani na nilikuwa nakizuia kwa nguvu zangu zote.

Nikasikia sauti zikishuka karibu yangu. Mchungaji alikuwa ameacha mimbari, anakuja.

"Bwana anamgusa mtumishi wake," akasema, na akina mama wote kumi na saba wakaitikia. Wimbo ukaanza nyuma, ukapokewa mbele. Nilitaka kumwambia ni yale maji ya ndani ya sikio. Nilifungua mdomo, nikaona ni salama zaidi kuufunga.

Mchungaji akanishika kichwa kwa mikono yake miwili, mizito na yenye joto, akakibana kwa dhati huku akiomba. Sina budi kukiri kwamba sakafu ilitulia hapohapo. Kanisa lilisimama wima kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Alipotaka kuiondoa mikono, niliishika, nikamwomba aendelee kidogo, na wimbo ukapanda juu zaidi.